Futa hiyo "should have" kabla hujakabidhi barua

Mkuu, usiikabidhi hiyo barua. Umesema uko mapokezi hotelini, mgeni kalalamika hakurudishiwa chenji yake elfu themanini, umeandikiwa barua ya kujieleza na majibu yanatakiwa kesho asubuhi mezani kwa meneja. Halafu umebandika hapa sentensi yako, "I should have given him the change", ukasema maana yake ni "nadhani nilimpa chenji". Wachangiaji watatu wa kwanza wamekupigia makofi eti Kiingereza kimenyooka. Kimenyooka kweli, kuelekea getini. Meneja wako atasoma hivi: nilipaswa kumpa chenji, na sikumpa.

Hayo uliyouliza ya tofauti ya may na might, na jinsi wazungu wanavyoyatamka kwa haraka, yatasubiri siku nyingine. Kwanza hili.

Mimi niliandika sentensi za namna hiyo tatu ndani ya barua moja. Ilikuwa 2016, nikiwa mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Jumatatu tunafungua, ndoo 40 za rangi za lita 20 hazipo. Mlango wa nyuma hauna hata mkwaruzo. Jumamosi nilifunga mimi, kwa hiyo barua ikaja kwangu, nijibu ndani ya saa 48. Sasa mtu anayefunga mlango uleule kila siku kwa miaka minne, ukimuuliza kama Jumamosi fulani alifunga, anakumbuka nini? Anakumbuka mazoea. Kwa Kiswahili ningesema "itakuwa nilifunga" na hata mtoto angeelewa kwamba tukio lenyewe silioni kichwani ila kila dalili inaonyesha nilifunga.

Tatizo niliandika kwa Kiingereza. Na hakuna aliyenilazimisha! Barua niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, nikaona kujibu kwa Kiswahili ni kujishusha. Rasimu ya kwanza niliandika "I must have locked the back door". Wakuu, ile rasimu ilikuwa SAHIHI. "Must have locked" ndiyo "itakuwa nilifunga" yenyewe. Mungu alishanivusha salama, mimi mwenyewe nikarudi mtoni kumtafuta mamba.

Mamba alikuwa jamaa wa uhasibu, mwenye sifa ya Kiingereza ghala zima kwa sababu alikuwa anasema "basically" kabla ya kila sentensi, hata ya kuagiza chipsi. Akaisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Must ni amri hiyo, unamwamrisha nani? Weka should. Should ni must yenye adabu." Nikamshukuru. Nikamnunulia na soda! Nikafuta must zote tatu, nikachapa upya:

"On Saturday I should have locked the back door. I should have given the keys to the guard. I should have counted the paint before I left."

Nilikusudia kusema: itakuwa nilifunga mlango, itakuwa nilimkabidhi mlinzi funguo, itakuwa nilihesabu rangi. Walichosoma wao: nilitakiwa kufunga mlango, sikufunga. Nilitakiwa kukabidhi funguo, sikukabidhi. Nilitakiwa kuhesabu, sikuhesabu. Hata mwizi aliyeshikwa na ndoo kichwani hakiri kwa mpangilio mzuri hivyo.

Kwenye kikao cha nidhamu mwenyekiti akauliza, "Barua hii umeiandika mwenyewe?" Nikajibu ndiyo, tena kwa kujidai, nikaficha kabisa mchango wa yule jamaa ili sifa ziwe zangu. Akasema, "Tunakushukuru kwa kuwa mkweli." Mimi natabasamu. Nikadhani wamevutiwa na Kiingereza. Kikao hakikumaliza dakika ishirini, nikatoka nikampigia mke wangu kwamba mambo yamekaa vizuri. Ijumaa yake nikapewa barua ya kuachishwa kazi, na ndani yake wamenukuu sentensi zangu zote tatu bila kubadilisha hata nukta.

Nilikaa nyumbani nikiamini nimerogwa. Kilichonifumbua macho ni mzee mmoja wa chama cha wafanyakazi, niliyempelekea makaratasi siku ya 41. Akasoma barua yangu, akavua miwani, akasema, "Mdogo wangu, hapa umekiri mara tatu." Na pigo la pili papo hapo: mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kuomba kuchelewa kwako kukubaliwe kunawezekana, lakini lazima uwe na sababu nzito, na yangu ilikuwa kwamba sikujua should.

Sasa, yule jamaa hakutoa ule upuuzi hewani, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Ni kweli ukimwambia mtu "you must see a doctor" unamkaba, na "you should see a doctor" ni ushauri tu. Hapo should ni laini. Lakini ukiisogeza nyuma, ukaweka have na kitendo kilichopita, ulaini wote unakwisha, inakuwa lawama: "you should have seen a doctor", ungemwona daktari, hukumwona, ona sasa. Vile vijitabu vya stendi navyo vinaorodhesha must lazima, should inapaswa, may huenda, basi, ukurasa umekwisha. Hakuna hata kimoja nilichokuta kinakwambia ukivirudisha wakati uliopita vinageuka vitu vingine. Na mimi nilivinunua viwili!

Kuna mjuaji atakuja kusema mbona wazungu wanasema "the bus should have arrived by now" wakimaanisha basi litakuwa limeshafika. Wanasema, ndiyo. Ni mtu anayepiga hesabu kwa ratiba. Lakini huyo hajaandikiwa barua ya kujieleza. Kwenye makosa, watu wawili mnapozungumzia wajibu wako, hakuna atakayeisoma hivyo.

Kwa hiyo mkuu, kanuni yangu ni moja na nimeilipia kwa mshahara wa miaka minne: sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ikianza na "itakuwa", andika must have. Ikianza na "huenda", andika might have. Ikiwa ni "haiwezekani kabisa kwamba alifanya", andika can't have, usijaribu mustn't have. Should have usiiguse mpaka uwe unataka kusema "nilipaswa, sikufanya". Jaribu kwa Kiswahili utaona: ukisikia mtu anasema "nilipaswa kufunga mlango", wewe unaelewa alifunga? Huelewi hivyo. Lugha yetu ilikuwa inanionya muda wote, mimi nakimbilia ya watu.

Could have nayo iogope. "I could have given him the wrong envelope" inaweza kuwa "huenda nilimpa bahasha siyo", inaweza pia kuwa "ningeweza kumpa, ila sikumpa". Kwenye barua ya kikao cha nidhamu hutaki sentensi yenye milango miwili, wao watapita ule unaokuumiza.

Na baada ya have weka given, locked, taken. Usiweke gave wala took. Na ni have hata kwa he na she, kamwe siyo "he might has". Hili halitakufukuzisha kazi, ila litachekesha.

Sentensi yako basi. Kama hukumbuki ila utaratibu wako ni kutoa chenji palepale na kitabu cha risiti kinaonyesha hivyo, andika: "I do not remember this guest, but I must have given him the change, because the receipt book shows it and the cash balanced that night." Hiyo sababu baada ya because ndiyo inayoibeba must have, usiiache. Kama hesabu ya usiku ule haikubalansi, usijitie must have, andika ukweli.

Au andika Kiswahili. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zile za ajira hapa Tanzania, zinataka mwajiri akujulishe tuhuma kwa lugha unayoielewa, kwa hiyo sioni aibu ikae wapi ukijibu kwa hiyohiyo. Ningelijua hilo 2016, leo ningekuwa bado na kadi ya bima.

Siku hizi nina duka langu dogo la vifaa vya ujenzi. Na kabla hamjauliza: hapana, siyo zile ndoo.

Bandika rasimu mpya hapa usiku huu, ondoa jina la hoteli na la mgeni. Nafunga duka saa mbili, nitaisoma. Na nikisema nafunga, nafunga kweli, siku hizi napiga picha ya kufuli.