Skrini ya kuediti picha, na wajomba waliomezwa na giza

"Mwanangu, ukumbi ule ulikuwa na umeme. Mbona sisi umetupiga gizani?"

Mama wa bibi harusi aliniuliza hivyo huku akifunua albamu ukurasa kwa ukurasa, na sikuwa na jibu. Kwenye kompyuta yangu picha zile zilikuwa zinang'aa. Kwenye karatasi, wajomba waliokaa meza ya nyuma walikuwa wamemezwa, suti na nyuso kitu kimoja, na gauni la sendofu lililokuwa la rangi ya jani la mgomba limekuwa kijani cha chupa. Nikawalaumu walioprinti. Nikapeleka kwingine kwa hela yangu, zikatoka vilevile.

Kosa lilikuwa mezani kwangu. Skrini niliyokuwa nayo niliinunua kwa sababu ilikuwa kubwa, inchi 27, na muuzaji aliisifia sana hezi zake 144, yaani mara inazobadilisha picha kwa sekunde. Hezi nyingi ni raha ya wacheza gemu. Picha ya mnato haikimbii. Tena nilikuwa naitumia kama ilivyotoka kwenye boksi, mwanga umepandishwa mpaka mwisho. Skrini ikiwaka namna hiyo, picha yenye giza unaiona imekaa sawa, basi unaiacha, na pengine unaipunguza mwanga zaidi. Karatasi haina taa nyuma yake. Siku hizi yangu iko kati ya kandela (kipimo cha mwanga) 100 na 120 kwa mita ya mraba, na dirisha lina pazia.

Ukienda dukani, kabla ya bei ulizia paneli, yaani aina ya kioo cha skrini. Unataka ile iitwayo IPS, ambayo rangi zake hutulia hata ukiitazama kwa pembeni. Ile yangu ilikuwa aina ya TN: nikijinyoosha kwenye kiti bibi harusi anapauka, nikiinama anakolea, na mimi sijui nimfuate yupi. Aina ya tatu, VA, ina weusi mzuri, lakini ukiitazama kwa pembeni rangi huhama kidogo, kwa hiyo kwangu inakuja nafasi ya pili. Usiamini maandishi ya boksi peke yake. Nenda na flashi yenye picha ya uso unaoujua, wa mama yako au wa mwanao, omba ifunguliwe pale pale, kisha simama, chuchumaa, sogea kushoto na kulia. Watu watakushangaa, waache. Weka pia picha tupu ya kijivu ijae kioo chote, utaona kona zenye mawingu na nukta zilizokufa.

Kuhusu rangi, tafuta inayofikia karibu asilimia 100 ya sRGB, kipimo cha upana wa rangi kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Picha nyingi za kwenye intaneti zimo humo, na sehemu nyingi za kuprinti zinapokea hicho hicho. Ukikuta boksi limeandikwa asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha zamani cha rangi za televisheni), rudisha mahali pake. Kipimo kingine, Adobe RGB, ni kipana zaidi, hasa kwenye kijani, ila kama huna printa yako nzuri unalipia usichokitumia, na kwenye programu zisizosimamia rangi ngozi za watu zinatoka nyekundu kama wameungua jua.

Kwa ukubwa, inchi 24 zinakaa vizuri na pikseli 1920 kwa 1080. Ukitaka 27, iwe na 2560 kwa 1440, la sivyo nukta zinakuwa nene kama zangu za zamani. Na ule waya wa zamani wa VGA mwachie mwenye projekta.

Mimi niliishia Kariakoo, kwenye skrini za mtumba. Nilipata Dell UltraSharp ya inchi 24, IPS, iliyochoka kidogo: taa za skrini hufifia na kuelekea umanjano kadiri miaka inavyokwenda. Ndipo tukachanga wapiga picha watatu tukanunua Spyder moja, kidude kidogo unachokilaza juu ya kioo kikazisoma rangi chenyewe. Kinazunguka kwetu kila mwezi. Washa skrini nusu saa kwanza, lenga kelvini 6500 (weupe kama wa mchana) na gama 2.2 (mwendo wa mwanga kutoka giza hadi weupe), mengine programu yake inayamaliza. Afadhali skrini ya mtumba iliyopimwa kuliko mpya ya bei mbaya ambayo haijawahi kupimwa.

Kama hela ya kifaa bado haijapatikana, printisha picha moja pale unapoprintisha kila siku. Ishike karibu na dirisha mchana, ifungue picha hiyo hiyo kwenye skrini, kisha shusha mwanga wa skrini taratibu mpaka zifanane. Haitakuwa sahihi kabisa, ila giza utaliona kabla mteja hajaliona.

Ya kwangu ya kujaribia ni ile ya wajomba. Imebandikwa ukutani kando ya skrini, ile iliyoharibika, na chini yake ile ya tatu, iliyotoka sawa, ambayo mama wa bibi harusi aliichukua akahesabu nyuso zote saba kwa kidole.