Mbona huyu binti haogopi?

Wahariri, wiki hii mmeuliza: unapompa mtoto riwaya ya kihistoria, unajuaje kwamba mhusika wake anaaminika? Swali hilo nimeshaulizwa kabla yenu, na mtu wa miaka 11. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tunasomeana kwa zamu riwaya ya kijakazi katika jumba la mfalme. Kijakazi huyo hujibizana na wakubwa wake kila sura, na kila sura wakubwa hubaki vinywa wazi. Tulipofika katikati, mpwa wangu akafunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani. "Mjomba, mbona huyu binti hamwogopi mtu?"

Nilikuwa na hotuba ya ushujaa tayari mdomoni. Nikaimeza. Mtoto alikuwa amegusa palipooza.

Wengi wetu tukitafuta kasoro katika riwaya za aina hii huwinda vitu: viazi Ulaya kabla ya safari za Columbus, saa mkononi mwa askari wa Kirumi. Makosa hayo yanachekesha, na mhariri makini huyafuta kwa siku moja. Kisichofutika ni mhusika aliyevishwa nguo za kale juu ya akili ya leo. Huyo ni mwandishi mwenyewe kajibanza humo ndani, anazitazama zama za wenzake huku akijua tayari zitaishaje.

Kwa hiyo mimi huanza na hofu. Mhusika anaogopa nini, na je, ni hofu ya wakati wake?

Mwaka 1842 ilitoka ripoti ya tume iliyochunguza kazi za watoto katika migodi ya Uingereza. Mmoja wa waliohojiwa ni Sarah Gooder, mwenye miaka 8. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya ardhi penye mlango wa kuongozea hewa, kuufungua vigari vya makaa ya mawe vikipita, kisha kuufunga. Alikuwa akishuka saa kumi alfajiri, mara nyingine saa tisa na nusu, na kutoka saa kumi na moja jioni au baada yake. Aliwaambia wachunguzi kwamba kazi haimchoshi, ila hukaa bila taa na anaogopa. Akiwa na mwanga, mara nyingine huimba. Gizani hathubutu. Shule angeipenda zaidi kuliko mgodi.

Tazama kilichomo na kisichomo. Neno "haki" halipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989, na Sarah hakuwa na pa kuokotea maneno yake. Wenye mgodi hakuwalaani. Na ile kauli kwamba kazi haimchoshi, ambayo mwandishi wa leo angeifuta kwa kumwonea aibu, ndiyo hasa inayonifanya nimwamini. Namwona mtoto mbele ya watu wazima asiowajua, hataki kuonekana mvivu, mara hofu inamponyoka. Agosti mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku wanawake na wasichana wote, pamoja na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Riwaya mbovu ingempandisha Sarah juu ya kreti akahutubie wachimbaji mpaka sheria ipatikane.

Baada ya hofu natafuta asichokijua. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, Marekani, aliandika mwaka 1845 kwamba hakujua umri wake kwa hakika. Watumwa wenzake walikisia kuzaliwa kwao kwa majira: wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna. Watoto wa Kizungu walijua miaka yao, na jambo hilo lilimuuma tangu utotoni. Nikikuta riwaya ya mtoto mtumwa inaanza asubuhi anapotimiza miaka 12, na mwandishi haoni ajabu yoyote, kwangu imejikwaa kizingitini hata kama minyororo imeelezwa vizuri.

Lugha ya mazungumzo hainisumbui sana. Kumjaza mhusika maneno ya tenzi hakumfanyi kuwa mtu wa kale.

Najua nitakavyojibiwa: kila zama zina wakaidi wake. Kweli, na siwataki wafutwe. Claudette Colvin alikuwa na miaka 15 tarehe 2 Machi 1955, alipokataa kumwachia abiria Mzungu kiti ndani ya basi la Montgomery, kusini mwa Marekani, miezi tisa kabla ya Rosa Parks kufanya vivyo hivyo na kupata umaarufu. Lakini ukaidi wake una shina. Shuleni walikuwa wametoka kusoma historia ya Weusi, naye alikuja kusimulia kwamba alihisi mikono ya Harriet Tubman na Sojourner Truth, wanawake Weusi waliopigana na utumwa, ikimkandamiza mabegani asiinuke. Tena una bei: pingu, selo, na wanafunzi wenzake walioanza kumkwepa. Na aliogopa. Nionyeshe wazo limetoka wapi na limemgharimu nini mwenye nalo, nitamwamini mkaidi wa karne yoyote. Kijakazi wetu wa jumba la mfalme hakuwa na vyote viwili.

Kipimo cha kutojua nacho kina mtego, na mimi mwenyewe nilinaswa. "The Boy in the Striped Pyjamas" ya John Boyne, ya mwaka 2006, ilinitoa machozi. Bruno ana miaka 9, baba yake ni mkuu wa kambi ya mauaji, na yeye haelewi kinachoendelea nyuma ya uzio. Nikadhani huo ndio utoto. Baadaye nikafikiria shule aliyotoka. Ujerumani ya Wanazi iliwafundisha watoto kuwachukia Wayahudi darasani, na mwaka 1938 kilichapishwa hata kitabu cha picha cha kazi hiyo, "Der Giftpilz", yaani "Uyoga wa Sumu". Mwana wa ofisa mkubwa asiyejua lolote ametolewa nje ya zama zake sawasawa na kijakazi asiyeogopa. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalisema kitabu hicho kiepukwe na yeyote anayesoma au kufundisha historia ya maangamizi ya Wayahudi. Bruno wa kweli angekuja na chuki aliyofunzwa, na asingependeza hivyo. Nahisi ndiyo sababu waandishi wa watoto humwosha kwanza kabla ya kumtuma kwa msomaji, ilhali wasomaji wadogo niliowahi kukaa nao huvumilia mhusika mwenye mawazo mabaya kuliko tunavyodhani. Wasichovumilia ni kudanganywa.

Riwaya ya kijakazi hatukuimaliza. Jioni ile nilimsomea mpwa wangu ushahidi wa Sarah Gooder, nikiutafsiri papo hapo, mistari michache tu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Akipata taa, alikuwa anaimba wimbo gani?"