Jicho Litangulie Kidole

Swali la juma lililopita lilituuliza wasomaji hivi: "Ni mchezo gani umejifunza ukiwa mtu mzima, na ni kitu gani hasa kilichokufanya uuweze?" Mimi nimejifunza mchezo wa dinosau anayekimbia jangwani, ule unaojitokeza katika kivinjari cha Chrome simu inapokosa intaneti. Nafundisha katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, na safari yangu ya kwenda na kurudi ni ya boti kutoka Kibirizi, karibu na mji huo. Mtandao wa simu yangu hukatika njiani, na hapo ndipo nilipopata muda wa kujifunza, simu nikiwa nimeikinga na jua kwa upindo wa khanga.

Mchezo huu uliwekwa katika kivinjari hicho mwaka 2014, na waliouunda walimchagua dinosau kwa kukusudia, kwa maana kwamba kukosa intaneti ni kama kurudishwa zama za kale. Dinosau anakimbia mwenyewe. Kazi yako ni kugusa kioo ili aruke dungusi, ile mimea ya miiba ya jangwani, zilizo njiani, na akigonga moja tu, unaanza upya. Kila pointi 100 husikika mlio mfupi, na mwendo huongezeka kidogo kidogo.

Kwa majuma kadhaa sikuvuka pointi 300. Niliamini kwamba kidole changu ni kizito, kwa hiyo nikawa nagusa kwa haraka zaidi na kwa nguvu zaidi, na matokeo yakawa mabaya zaidi. Siku moja binti wa kaka yangu, aliye darasa la sita, alikaa ubavuni mwangu, akayatazama macho yangu badala ya kioo, kisha akasema: "Shangazi, unamwangalia dinosau. Yeye haendi popote. Angalia kule dungusi zinakotokea." Alisema kweli. Dinosau hukaa pale pale upande wa kushoto, na ardhi ndiyo inayopita chini yake. Nilipoyahamishia macho upande wa kulia, nilianza kukiona kikwazo kingali mbali, nikajua kama ni kifupi au kirefu, kama ni kimoja au vimeshikana vitatu, na kidole kikapata nafasi ya kusubiri. Binadamu huhitaji karibu robo ya sekunde ili aone jambo na mkono wake uliitikie. Anayekodolea miguu ya dinosau huidai robo hiyo wakati imekwisha kupita.

Baada ya hapo nilichukua daftari na kuandika sababu ya kila anguko: nimewahi, nimechelewa, au nimegusa mara mbili. Nilitarajia neno "nimechelewa" lijae ukurasa, lakini lililojaa ni "nimewahi". Dinosau aliye angani hasikii mguso mwingine mpaka atue, na mimi, kwa hofu, nilikuwa namrusha mapema mno, kwa hiyo alikuwa akitua juu ya dungusi ile ile niliyotaka kumwepusha nayo. Niligundua pia kwamba mguso mfupi humrusha kimo kifupi na kumrejesha ardhini upesi, ilhali ukishikilia kidole anapaa kwa kimo chake chote. Jambo hilo ni la thamani kubwa pale dungusi mbili zinapokaribiana.

Nimewahi kuliona somo hilo hilo katika kushuka botini. Vijijini kwetu hakuna gati. Boti huelekeza omo mchangani, nawe unaruka. Mgeni huitazama miguu yake, akaruka wimbi likiwa linavuta, akaishia majini hadi kiunoni pamoja na mzigo wake. Kijana wa boti hatazami miguu ya mtu yeyote. Hulitazama wimbi la pili na la tatu yanayokuja, mkono wake ukiwa begani mwa abiria, anasema "bado, bado", kisha anaubonyeza ule mkono kidogo tu, na abiria anakanyaga mchanga mkavu. Nilipoanza kujiambia "bado" kimoyomoyo mbele ya kila dungusi, nilivuka pointi 1,000 kwa mara ya kwanza.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kuacha kugusa. Mwendo ukishakuwa mkali hutokea mnyama arukaye, mfano wa ndege. Akija chini, unamruka. Akija juu, kwenye simu hutakiwi kufanya lolote, kwa kuwa dinosau anapita chini yake salama akikimbia tu. Nilimgonga wa juu mara nyingi kwa sababu kidole kilikwisha kuzoea kwamba kila kinachokuja ni cha kurukwa. Vivyo hivyo rangi zinapogeuka kwenye pointi 700, jangwa likawa la usiku, mtu hushtuka akagusa bila sababu, ilhali hakuna kilichobadilika njiani. Sasa mlio wa 600 ukishapita hujiandaa kwa giza hilo.

Mwendo nao una kikomo. Ukishafika hapo hauongezeki tena, na anayeuzoea huo ameuzoea mchezo wote. Bado sijauzoea. Pointi zangu za juu hadi leo ni 2,140, nilizozipata tukipita mkabala wa milima ya Gombe. Binti wa kaka yangu anazo nyingi zaidi, naye ameahidi kukaa nami tena botini likizo ijayo, safari hii mimi nikiwa mwenye kuyatazama macho yake.