Amplifaya ya vali inakwaruza ikishapata moto: kosa liko wapi?

SWALI: Fundi, salaam. Nina Fender Deluxe Reverb ya 1966 iliyotoka Marekani, naitumia hapa Dar kwa transfoma ya kushushia umeme. Dakika 20 za mwanzo inaimba vizuri, halafu inaanza kukwaruza hata sauti ikiwa namba 2, nyuzi za besi zinakoroma na nguvu inapungua. Chaneli zote mbili ni hivyohivyo. Nimeweka vali za nguvu za 6V6 mpya mbili, tatizo likarudi baada ya siku tatu. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu, kwanza acha kuipiga, maana hizo 6V6 mpya huenda zinaungua sasa hivi. Kuhusu mkwaruzo wenyewe, amplifaya hii kukwaruza ikifika namba 5 au 6 ni tabia yake, na wengi huinunua kwa sababu hiyo. Namba 2 ni ugonjwa.

Kwa kuwa chaneli zote mbili zinaumwa, usihangaike na vali za mwanzo. Chaneli hukutana kwenye vali ya 12AT7 iliyo jirani na 6V6, ile inayoigawa sauti pande mbili, kwa hiyo kosa liko hapo au baada yake kuelekea spika. Na kwa kuwa linangoja joto, mimi naanza kuzishuku kapasita mbili za mikrofaradi 0.1 zinazopeleka sauti kwenye gridi (mlango wa kuingizia sauti) za 6V6.

Kabla ya kufungua chochote, itoe spika kwenye mashaka. Mkwaruzo ukianza, zima, unganisha spika nyingine ya omu 8, washa tena. Usiwashe kamwe bila spika, utaua transfoma ya kutolea sauti. Kisha zima taa za chumba uziangalie 6V6 kwa nyuma. Pleti, lile bamba la kijivu ndani ya vali, ikianza kuwa nyekundu, zima mara moja. Zikipoa, zibadilishane nafasi. Wekundu ukihama na vali, vali ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye soketi ileile, kosa ni la saketi.

Sasa kufungua. Ndani kuna takriban volti 415, na hizo zinaua. Chomoa waya wa umeme, swichi ya standby (ya kusubiri) iache upande wa kupigia, kisha nyonya chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, kwenda kwenye chasisi. Hakikisha kwa mita kuwa imeshuka chini ya volti 10. Unapopima umeme ukiwa umewashwa, tumia mkono mmoja tu.

Kipimo chenyewe ni hiki. Ipige mpaka ianze kukwaruza, zima, chomoa 6V6 zote mbili kwa kitambaa, washa tena, kisha pima volti za DC kati ya chasisi na mguu namba 5 (gridi) wa kila soketi. Ukitazama soketi kwa chini, hesabu kuanzia kwenye mkato wa katikati, mwelekeo wa saa. Miguu yote miwili isome karibu volti hasi 35; hiyo ndiyo bayasi, inayoizuia vali isifunguke kupita kiasi. Usikae zaidi ya dakika moja, kwa sababu bila 6V6 volti za ndani hupanda na kapasita za zamani hazipendi hilo.

Mmoja ukisoma hasi 35 na mwingine hasi 13, umempata mwizi. Upande wa pili wa kapasita ile ya 0.1 kuna zaidi ya volti 200 chanya. Ikivuja mikroampia 100 tu, kiasi hicho kikipita kwenye rezista ya gridi ya kiloomu 220 kinazaa volti 22, na hasi 35 yako inakuwa hasi 13. Vali hiyo inafunguka kupita kiasi, inachemka, na mwenzake anabaki kubeba mawimbi kivyake. Mita ikiwekwa kwenye omu haionyeshi kitu, kwa kuwa betri yake haifiki volti za kuifanya kapasita ivuje.

Namba zikiwa sawa bila vali lakini zikiharibika vali zikirudi, 6V6 ina gesi ndani. Hata mpya hutokea. Namba zote mbili zikiwa zimepungua pamoja, angalia kapasita ya bayasi, mikrofaradi 25 volti 50. Hapa watu wengi hukosea: mguu wake wa chanya ndio unaokwenda kwenye chasisi.

Badilisha kapasita zote mbili za 0.1, si ile mbovu peke yake, uweke za filamu za volti 600 au 630. Ukisikia mvumo unaoifuata kila noti kama kivuli, hizo ni kapasita 5 za mikrofaradi 16 zilizochoka, nazo ni kazi nyingine.

Pima pia transfoma yako ya kushushia: itoe volti 115 hadi 120 mzigo ukiwa juu yake, na iwe ya VA 300 au zaidi. Hita za vali (nyuzi za kuzipasha moto) zisome karibu volti 6.3 za AC.

Mwisho, weka rezista ya omu 1 kati ya mguu namba 8 na chasisi kwenye kila 6V6. Milivolti 1 ni miliampia 1. Rekebisha bayasi mpaka usome milivolti 20 hadi 23, piga nusu saa, halafu soma tena.