Ukitaka kumjua Jerry Lee Lewis, anzia Hamburg

Vijana wanaopenda muziki wa zamani huniuliza waanzie wapi wakitaka kuijua rock and roll ya mwanzo. Jibu langu ni lile lile kila siku: weka kando kwanza ile mikusanyo ya "nyimbo zilizotamba", tafuta albamu moja iliyorekodiwa klabuni mbele ya watu, uisikilize yote. Na albamu yenyewe ni Live at the Star Club, Hamburg, ya Jerry Lee Lewis, mwimbaji na mpiga piano wa Kimarekani, iliyorekodiwa kule Ujerumani. Mimi napiga kinanda kwenye bendi, riziki yangu iko kwenye kumbi za wikiendi, na sijapata rekodi nyingine iliyonifundisha kazi hii kuizidi hiyo.

Kabla hujaibonyeza, jua kwanza huyu bwana alifikaje pale. Alizaliwa mwaka 1935 Ferriday, mji mdogo wa Louisiana, akaibukia Sun, studio ya kurekodi muziki kule Memphis. Mwaka 1957 nyimbo mbili, "Whole Lotta Shakin' Goin' On" na "Great Balls of Fire", zikampandisha juu kabisa. Mwaka uliofuata akaenda Uingereza kwa maonyesho, na magazeti yakagundua kwamba mke aliyeandamana naye ni binamu yake mwenye miaka 13. Ziara ikavunjika. Simtetei hata kidogo: mtoto wa miaka 13 hafai kuolewa, na waliomfungia milango walikuwa na haki. Aliyekuwa akilipwa dola 10,000 kwa usiku mmoja akajikuta anapiga kwenye vilabu vya bia kwa dola 250.

Sasa tazama tarehe. Tarehe 4 Aprili 1964, kwenye chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazotamba Marekani, nafasi zote tano za juu zilishikwa na Beatles, bendi ya Kiingereza. Kesho yake, tarehe 5, Jerry Lee alipanda jukwaani Star-Club, mtaa wa Große Freiheit, kule St. Pauli karibu na bandari ya Hamburg. Ni klabu ile ile ambayo Beatles walipiga ilipofunguliwa Aprili 1962, kabla dunia haijawajua. Zama zilikuwa zimemwacha, na yeye alikuwa na miaka 28 tu. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini anaipiga ile piano kama mtu aliyekuja kudai chake.

Sasa namna ya kuisikiliza. Usitumie spika ya simu. Nguvu ya rekodi hii iko chini, kwenye besi na mkono wa kushoto wa piano, na spika ya simu haifiki huko. Tafuta spika ya maana au vipokea sauti vya masikioni, ongeza sauti mpaka karibu iwaudhi majirani, halafu anza na wimbo wa kwanza, "Mean Woman Blues". Usirukie "Great Balls of Fire" kwa sababu ndio unaoufahamu. Wimbo huo umewekwa katikati, tayari jasho limeshawatoka, na unapita kwa karibu dakika mbili tu. Ukiusikia peke yake utadhani wana haraka. Ukiusikia baada ya "What'd I Say" utaelewa kwamba hakuna mtu mle ndani, si jukwaani wala chini, aliyekuwa tayari kupunguza mwendo.

Hiyo "What'd I Say" nayo ina jambo. Kwenye santuri ya asili waliikata vipande viwili: kipande cha kwanza kinafunga upande A, cha pili kinafungua upande B. Ukiwa na santuri ilibidi uinuke, uigeuze, uendelee. Leo kwenye simu vipande vinafuatana, na hapo ndipo utausikia vizuri umati unavyoliita jina lake, "Jerry! Jerry!", kwa mapigo. Nawaomba wanamuziki wenzangu wasikilize sehemu hiyo tena na tena. Umati ule unashika mapigo, na waliopo jukwaani wanalazimika kuufuata. Anayepiga muziki wa ukumbini anajua usiku wa namna hiyo ulivyo adimu, na anajua kuwa huwezi kuupanga.

Halafu wasikilize waliokuwa nyuma yake. Ni Nashville Teens, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Nashville. Walikuwa vijana wa Kiingereza kutoka Surrey. Kuna mahali bosi, Jerry Lee, anabadilisha mwendo ghafla na unamsikia mpiga dramu akihangaika kumfikia. Wapo wanaoiona hiyo kasoro. Mimi naona ndipo somo lilipo. Jerry Lee haangalii nyuma, anaendelea, na wao wanakaza. Ukiwa unampigia mwimbaji wa aina hiyo, kazi yako ni kumtazama mikono na mabega, si kuhesabu mapigo kichwani. Mimi naketi pembeni ambapo namwona kiongozi wa bendi usoni, na vijana ninaowafundisha nawaambia hivyo hivyo: ukikosa nafasi ya kumwona, omba jukwaa lipangwe upya kabla ya onyesho.

Wimbo mmoja tu wa polepole umo, "Your Cheatin' Heart" wa Hank Williams, mwimbaji wa country. Usiupite. Baada ya vurugu yote ile unagundua kwamba mtu huyu alikuwa mwimbaji hasa, anayejua kuvuta neno na kuliachia. Na "Matchbox", wimbo wa Carl Perkins, una historia yake: Perkins alipourekodi Sun mwezi Desemba 1956, aliyekuwa kwenye piano ni Jerry Lee mwenyewe, akiwa bado hajulikani. Tafuta ile ya Perkins, isikilize, kisha rudi Hamburg. Utamsikia yule kijana wa pembeni akiwa sasa ndiye mwenye jukwaa.

Kwa wenzangu wa bendi wanaotaka kurekodi maonyesho yao, hapa ndipo pana faida ya moja kwa moja. Prodyuza wa rekodi ile ya Hamburg, Siegfried Loch, hakuwa na ujanja wowote mgumu. Maikrofoni ziliwekwa karibu kabisa na vyombo, nyingine ikaelekezwa kwa watu ili kunasa ukumbi wenyewe. Basi. Ndiyo maana piano iko mbele ya kila kitu na watu wako karibu nawe kana kwamba umekaa meza moja nao. Bendi nyingi za kwetu huchomeka kinasa sauti moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na kinachotoka ni sauti safi ila imekufa: makofi hayasikiki, vigelegele hakuna, utadhani walikuwa mazoezini. Sisi tuliongeza maikrofoni moja ya kawaida kwenye stendi, tukaigeuzia upande wa watu mbali kidogo na spika, na rekodi zetu zikapata uhai. Mwambie fundi mitambo mapema, maana wengine wanaogopa mwangwi na watakukatalia dakika za mwisho.

Pima na rekodi nyingine ya klabu hiyo hiyo. Beatles walirekodiwa Star-Club Desemba 1962 kwa mashine ya kanda ya nyumbani na maikrofoni moja, na kanda hizo zikatoka kama albamu mwaka 1977. Kihistoria ni dhahabu. Kwa masikio, maneno yanazama na gitaa zinagongana. Jengo lile lile, tofauti ni maikrofoni kuwa karibu na chombo.

Upande wa kununua au kupakua, uwe mwangalifu. Jerry Lee alizirekodi upya nyimbo zake maarufu alipohamia Smash, kampuni nyingine ya rekodi, na mikusanyo mingi ya bei rahisi imejaa hizo. Si mbaya, ila hazina moto wa Sun wala wa Hamburg. Hakikisha jina la Star-Club lipo. Albamu ilitolewa na Philips huko Ujerumani, na kwa miaka mingi haikuuzwa Marekani kwa sababu za kisheria, kwa hiyo usishangae ukikutana na shabiki mkubwa wa Kimarekani aliyeichelewa. Matoleo mengine ya baadaye yana wimbo wa ziada, "Down the Line", ulioachwa nje mwanzoni kwa sababu sauti yake ilikuwa na hitilafu. Ukipata toleo lenye wimbo huo, chukua hilo.

Na ukishaizoea, nenda kwa Sam Cooke, mwimbaji wa soul, albamu ya Live at the Harlem Square Club, iliyorekodiwa Miami Januari 1963. Kampuni yake iliona ni kali mno kwa jina alilokuwa nalo, ikaiweka kabatini mpaka 1985, wakati mwenyewe ameshafariki miaka zaidi ya 20. Huyo ni mtu wa sauti ya asali, na mle ndani ameikwaruza makusudi. Zisikilize zote mbili wikiendi moja, Jerry Lee kwanza.