Jibu: Binti wa kilo 60 ashuke au abaki?

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 18, mwenye kilo 60, ashuke hadi 57 ili alenge taekwondo ya Olimpiki. Kwa sasa asishuke, tafadhali.

Mashindano ya dunia ya wanawake yana madaraja nane ya uzito, na moja ni la chini ya kilo 62. Hapo anaingia akiwa ameshiba. Olimpiki ina manne tu: 49, 57, 67 na zaidi ya 67, kwa hiyo wengi hubadili daraja. Ruth Gbagbi wa Ivory Coast alitwaa ubingwa wa dunia 2017 kwenye 62, lakini medali zake za shaba za Olimpiki, Rio na Tokyo, ni za 67. Kama binti bado anarefuka, mjengeni taratibu kuelekea 67.

Kilo tatu za haraka ni maji. Kukimbia na koti kwenye joto hili la Dar kunakausha mwili, na kupimwa ni siku moja kabla ya pambano. Miguu inakuwa mizito raundi ya pili, anaanza kuanguka na kumshika mpinzani. Kila kosa la namna hiyo ni pointi moja kwa mpinzani.

Nguvu wekeni kwenye mateke. Teke la kifuani ni 2, la kichwani 3, la kuzunguka 4 au 5. Na kabla ya kupanda ulingoni, kagua soksi zake zenye vihisi vya kusoma mateke: zikizunguka mguuni, teke safi kabisa la kifuani halisomwi na mashine ya pointi.