Bampa la kromu halishiki

SWALI: Naunda modeli ya plastiki ya gari la zamani, skeli ya 1:8. Bampa lenye kromu linabanduka kila nikiligundisha, na kioo cha mbele kimeingia ukungu mweupe. Nakosea wapi?

JIBU: Gundi ya modeli hushika kwa kuyeyusha plastiki. Kromu ile ni utando mwembamba wa chuma juu ya vanishi, kwa hiyo gundi haifiki chini. Kwangua kwa ncha ya kisu pale tu vipande vinapogusana, mpaka rangi ya plastiki yenyewe ionekane. Kwa skeli hii bampa ni zito. Toboa tundu la milimita 1 kila upande, upachike kipande cha waya wa shaba kiwe pini ya kulishikilia.

Ukungu unatokana na mvuke wa supagluu. Kioo kigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Na tafadhali, kama kuna modeli uliyoihifadhi bila kuiunda, fungua boksi leo: matairi laini ya vinili huvujisha mafuta yanayoila plastiki. Matairi hayo yafunge peke yake, mbali na rimu na vioo.